Kuifuata Mvua na Kuikimbia Mvua: Wajibu wa Mtumiaji wa Barabara Wakati wa Dhoruba

SOMO LA USALAMA KWA WANANCHI WA KATA YA IHEMBE NA KATA JIRANI

Uchumi wa Karagwe unategemea mvua. Migomba, mibuni na maharage hustawi kwa misimu miwili, yaani vuli na masika, na mkulima wa Ihembe hupanga mwaka wake kwa kuzifuata mvua hizo. Hata hivyo, wingu lilelile linaloleta neema shambani huleta hatari barabarani. Barabara ya changarawe iliyokuwa imara asubuhi huweza kugeuka utelezi kabla ya jioni, na karavati ambalo watoto walilipita wakienda shule huweza kuwa limefunikwa na maji wakati wa kurudi.

Somo hili linawahusu watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaoifuata mvua, yaani wanaokimbilia mahali penye mafuriko, mti ulioanguka au ajali ili kutazama na kupiga picha. Wa pili ni wale wanaoikimbia mvua, yaani wanaoongeza mwendo ili wafike kabla haijanyesha. Mmoja anaielekea dhoruba na mwingine anaikwepa, lakini wote wawili hutazama wingu kuliko wanavyotazama njia, na hapo ndipo ajali nyingi zinapoanzia.

Funzo kutoka kwa wafuatiliaji wa dhoruba

Nchini Marekani wapo watu ambao kazi au shauku yao ni kuzifuata dhoruba kwa magari. Hutafuta hasa visulisuli vikubwa viitwavyo tonado, vinavyoshuka kutoka mawingu mazito na kung'oa nyumba na miti. Baadhi yao ni wanasayansi wanaopima upepo na kanieneo ya hewa, wengine ni waandishi wa habari, na wengine ni watu wa kawaida wanaotaka picha. Taarifa zao zimewasaidia wataalamu wa hali ya hewa kuzielewa dhoruba na kutoa tahadhari mapema. Kazi hiyo ina manufaa, lakini imegharimu maisha.

Tarehe 31 Mei 2013, karibu na mji wa El Reno katika jimbo la Oklahoma, mtafiti Tim Samaras, mwanawe Paul Samaras na mwenzao Carl Young walifariki dunia baada ya gari lao kukumbwa na tonado iliyobadili mwelekeo na kupanuka ghafla hadi kufikia upana wa zaidi ya kilometa 4. Samaras alikuwa miongoni mwa wafuatiliaji waliosifika kwa uzoefu na uangalifu. Siku hiyohiyo barabara za eneo hilo zilijaa magari ya wafuatiliaji pamoja na ya wananchi waliokuwa wakikimbia, na msongamano huo uliwafanya wengi washindwe kuondoka kwa haraka.

Tukio la pili halikuhusu nguvu ya upepo kabisa. Tarehe 28 Machi 2017, karibu na mji wa Spur katika jimbo la Texas, magari mawili ya wafuatiliaji wa dhoruba yaligongana katika njia panda baada ya moja kupita bila kusimama mahali palipokuwa na alama ya kusimama. Watu watatu walifariki papo hapo. Dhoruba haikuwagusa.

Kutokana na matukio hayo, wafuatiliaji wenye busara wamejiwekea kanuni tatu: dereva asitazame wingu wala simu, kazi hiyo ni ya mwingine, gari lisisimame mahali linapoziba njia ya wanaokimbia au ya waokoaji, na kila mara pawepo njia ya kuondokea. Kanuni hizo zinafaa Ihembe kama zinavyofaa Oklahoma.

Kwa nini mvua kubwa hutukuta barabarani

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi na ngurumo nyingi barani Afrika. Mchana, ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yenye unyevu huvutwa kutoka ziwani, hupanda juu ya vilima na kutengeneza mawingu mazito. Usiku hali hugeuka: ardhi hupoa, hewa huelekea ziwani, na dhoruba nyingi huzuka juu ya maji hadi alfajiri. Ndiyo maana mwambao wa Bukoba hupata mvua nyingi kuliko nyanda za Karagwe, na mara nyingi hupata mvua za asubuhi.

Kwa wilaya iliyo mbali na ziwa kama Karagwe, dhoruba nyingi hujijenga mchana na kunyesha alasiri. Huo ndio wakati ambao wanafunzi wanatoka shule, akina mama wanarudi kutoka gulioni na waendesha bodaboda wana abiria wengi. Ndio wakati pia ambao wakulima wanakimbilia kuanua kahawa iliyoanikwa. Kila mtu ana haraka, na barabara ni ileile moja. Mazoea ya kuondoka saa tisa alasiri wakati wingu limekwisha kujijenga yanafaa kutazamwa upya, hasa kwa safari inayoweza kufanyika asubuhi.

Mwendo, breki na tope

Dereva au mwendesha pikipiki anayekimbiza mvua huamini kwamba mwendo unamwokoa. Hesabu inaonyesha kinyume. Chombo kinachokwenda kilometa 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Anayetupa jicho kwenye simu au kwenye wingu kwa sekunde 3 amekwisha kupita mita 50 bila kuona njia. Katika mita 50 hizo anaweza kuwepo mtoto, ng'ombe au baiskeli yenye mikungu ya ndizi.

Umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki nao hauongezeki kwa uwiano wa mwendo. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali huo huongezeka mara nne. Anayetoka kilometa 40 hadi kilometa 60 kwa saa anahitaji zaidi ya mara mbili ya nafasi ya kusimama. Barabara ikilowa, umbali huo huweza kuongezeka tena maradufu, na juu ya tope breki huweza kulifunga gurudumu huku chombo kikiendelea kuteleza.

Dakika za mwanzo za mvua zinahitaji uangalifu wa pekee. Juu ya lami, vumbi na mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye magari huchanganyika na matone ya kwanza na kufanya utando unaoteleza. Juu ya changarawe, vumbi la juu hugeuka tope jembamba huku chini pakiwa pagumu. Dereva huona barabara bado haijaharibika, kumbe imekwisha kupoteza mshiko. Tairi lililolika hadi kuwa kipara haliwezi kulikata tope hilo wala kuyatoa maji chini yake.

Kwa mwendesha bodaboda, kofia ngumu ni ya lazima kisheria kwake na kwa abiria wake. Wakati wa mvua apunguze mwendo kabla ya kona na si ndani ya kona, atumie breki zote mbili taratibu, awashe taa hata mchana, na asibebe abiria zaidi ya mmoja. Mwavuli uliofunguliwa juu ya pikipiki huvutwa na upepo na humziba dereva macho. Koti la mvua ni salama zaidi.

Maji yanayopita juu ya barabara

Hakuna jambo linalodanganya macho kama maji yanayotiririka juu ya daraja. Mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani moja, na kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimeta 15 tu, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu, huweza kumwangusha mtu mzima. Sentimeta 30 zinatosha kuliinua gari dogo na kulipotezea mshiko. Sentimeta 60 huweza kulisomba gari kubwa zaidi. Aidha, maji ya mafuriko huwa na rangi ya udongo, hivyo aliye ukingoni hawezi kujua kama barabara iliyo chini bado ipo au imekatika.

Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi katika Kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya na waumini waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu wakati maji yalikuwa yamelifunika daraja. Lilisombwa na kuzama, na zaidi ya watu 30 walifariki. Watu waliokuwa ukingoni waliliona basi likiingia majini, na picha za video zilienea siku hiyohiyo. Nchini Tanzania, mwezi Aprili 2024, gari la shule lilisombwa na maji katika eneo la Muriet jijini Arusha, na wanafunzi kadhaa walipoteza maisha.

Katika matukio ya namna hii, uamuzi huwa ni wa dakika moja tu. Maji ya mvua kubwa katika vijito vya milimani mara nyingi hupungua baada ya saa chache, na kusubiri hugharimu muda, nauli au kelele za abiria. Abiria naye ana wajibu. Dereva anaposita mbele ya maji, sauti za nyuma zinazosema "pita tu, twende" humwondolea hofu iliyokuwa ikimlinda. Abiria mwenye busara humwambia dereva asubiri, na dereva akikaidi, huomba ashushwe.

Ikumbukwe pia kwamba maji huweza kufika mahali ambapo mvua haijanyesha. Mvua ikipiga vilimani, mto wa bondeni huweza kujaa huku jua likiwaka. Sauti ya kunguruma kutoka upande wa juu, maji yanayogeuka rangi ghafla, na matawi yanayoelea ni dalili za kuondoka mtoni mara moja.

Radi

Wengi wanaposikia ngurumo huendelea na safari kwa pikipiki au baiskeli, au hujikinga chini ya mti. Vyote viwili ni hatari. Mwezi Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi wa shule moja mkoani Geita, na hakuna mkoa wa Kanda ya Ziwa ulio salama na janga hilo.

Kanuni ya kupima umbali ni nyepesi, hata mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuitumia. Hesabu sekunde kuanzia mwanga unapoonekana hadi ngurumo inaposikika, kisha gawa kwa 3. Jibu ni umbali wa radi kwa kilometa. Ikiwa sekunde hazifiki 30, radi iko ndani ya kilometa 10 na inaweza kupiga ulipo. Ingia ndani ya nyumba imara au gari lililofungwa vioo, na subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mwendesha pikipiki asimamishe chombo, asogee mbali nacho na atafute jengo. Mti mrefu, uzio wa waya na kilele cha kilima si kimbilio.

Kutazama si kusaidia

Mafuriko au ajali inapotokea, watu hukusanyika. Ni desturi njema kwa jirani kumkimbilia jirani, na mkoa wa Kagera una ushahidi wa desturi hiyo. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa na watu 43 ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, katika hali mbaya ya hewa. Wavuvi waliokuwa karibu walifika kwa mitumbwi na kusaidia kuwatoa abiria, akiwemo kijana mvuvi Majaliwa Jackson ambaye Serikali ilimtambua kwa ujasiri wake. Watu 24 waliokolewa na 19 walifariki. Wavuvi wale walikuwa na vyombo, walilijua ziwa, na walikwenda kwa lengo la kuokoa.

Tukio la Morogoro linaonyesha upande wa pili. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu. Watu walikusanyika, wengi wao wakichota petroli na wengine wakitazama. Mafuta yalilipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Miongoni mwa waliokuwepo walikuwa waendesha bodaboda waliofika kwa sababu walisikia habari na walikuwa na chombo cha kuwafikisha upesi.

Tofauti ya matukio hayo mawili ndiyo kipimo cha kila anayetaka kukimbilia eneo la hatari. Ajiulize mambo matatu kabla ya kuwasha pikipiki: Je, nina ujuzi au kifaa kinachohitajika pale? Je, nikifika nitapunguza hatari au nitaongeza idadi ya watu wa kuokolewa? Je, chombo changu kitaziba njia ya gari la wagonjwa au la Zimamoto? Ikiwa majibu hayaridhishi, msaada mkubwa kuliko wote ni kupiga simu na kubaki mbali. Namba ya dharura ya Polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kuhusu picha, simu ina matumizi mema. Picha ya karavati lililobomoka, ikipelekwa kwa Mwenyekiti wa Kijiji au Mtendaji wa Kata pamoja na jina la mahali na saa, huwasaidia wataalamu kujua ukubwa wa uharibifu. Lakini ipigwe kutoka mahali salama, na kamwe isipigwe na anayeendesha. Picha za majeruhi na marehemu hazimsaidii mtu. Familia haistahili kupata habari ya msiba kupitia simu ya mtu asiyeijua. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha taarifa za uongo, ikiwa ni pamoja na picha za zamani zinazorushwa kama za leo na kuwatia watu hofu.

Mgawanyo wa wajibu

*Dereva na mwendesha bodaboda.* Wasikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya safari. Mamlaka hutoa taarifa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Wakague breki, taa na matairi kabla ya msimu kuanza. Wakihusika katika ajali, Sheria ya Usalama Barabarani inawataka wasimame, wawasaidie walioumia na watoe taarifa polisi.

*Kijiwe cha bodaboda.* Viongozi wa kijiwe wakubaliane na wanachama kwamba hakuna anayelazimishwa kubeba abiria wakati wa dhoruba, na kwamba anayesubiri mvua ipite hapotezi zamu yake. Bila makubaliano hayo, mwangalifu huadhibiwa kwa kukosa kipato, na mzembe huzawadiwa.

*Wazazi na walimu.* Watoto wafundishwe kwamba kuchelewa nyumbani kwa sababu ya mvua si kosa. Mtoto anayeogopa kuadhibiwa kwa kuchelewa ndiye atakayejaribu kuvuka maji. Shule iwaweke wanafunzi darasani hadi mvua ipungue, na wanaovuka vijito watembee kwa makundi pamoja na wakubwa wao.

*Wenye mashamba na nyumba kando ya barabara.* Mitaro isizibwe kwa udongo, takataka wala vigogo vya migomba. Mtaro ulioziba huyapeleka maji katikati ya barabara, na barabara hukatika.

*Kamati za maafa za kijiji na kata.* Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati hizi. Kabla ya msimu ziorodheshe sehemu zote zinazojaa maji. Ziweke nguzo yenye alama nyekundu inayoonyesha kina kisichopaswa kuvukwa, na zichague watu wa kufunga njia kwa kamba maji yanapofikia alama hiyo. Uharibifu wa barabara za vijijini utolewe taarifa kwa TARURA kupitia ofisi ya kata, na wa barabara kuu na za mkoa kwa TANROADS.

Maswali ya kujadili

Maswali haya yanafaa kutumika katika mikutano ya vijiji, vijiwe vya bodaboda na madarasa ya juu ya shule za msingi.

1. Taja sehemu tatu katika kijiji chenu ambako maji hupita juu ya barabara. Nani huamua kwamba njia ifungwe, na wananchi hujuaje?
2. Mwanga wa radi umeonekana, na ngurumo imesikika baada ya sekunde 12. Radi iko umbali gani? Aliye shambani afanye nini?
3. Abiria mwenye mgonjwa anamsihi dereva avuke maji yaliyofunika daraja. Dereva ajibu nini, na ni njia gani nyingine za kumfikisha mgonjwa zinazoweza kuandaliwa mapema?
4. Kijiwe chenu kinamtendeaje mwenzenu aliyekataa safari kwa sababu ya mvua?

Swali la tatu ni gumu kuliko yote, na halijibiwi siku ya mvua. Kijiji kinachojua mapema ni nani mwenye gari upande wa pili wa mto, na namba yake ya simu ni ipi, kinaweza kumfikisha mgonjwa hospitali bila kumlazimisha mtu yeyote kuingia majini.